Kabla ya kuulizia chumba Saadani, tazama mwezi

Swali: "Kaka, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, naishi Dodoma. Mama yangu ana miaka 67 na hajawahi kuiona bahari. Likizo ya watoto ya Juni nataka kumpeleka Saadani, kule kwenye hifadhi ya pwani, pamoja na wanangu wawili, wa miaka 9 na 12. Niliona picha ya tembo anatembea ufukweni, nikasema basi hapa tutapata bahari na wanyama kwa safari moja. Tuna gari dogo la chini na siku tatu. Huyo tembo tutamwona? Tunaweza kulala kijijini badala ya hoteli kubwa, na ni salama? Halafu tuchague siku zipi?"

Jibu:

Dada, naanza na swali lako la mwisho, la siku, maana hilo ndilo litakaloamua kama Mama ataiona bahari au ataona tope.

Pwani ya Saadani ni tambarare. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yakipwa hurudi nyuma mamia ya mita. Mtu anatoka chumbani saa nne asubuhi na taulo begani, anakuta uwanja mpana wa mchanga na tope, vyombo vya wavuvi vimelala ubavu, na bahari yenyewe ni mstari mwembamba mbali huko. Nimewahi kupokea familia iliyosafiri siku nzima, ikasimama pale, na mtoto wao akaniuliza kwa huzuni ya kweli kama bahari imekauka. Ilikuwa haijakauka. Walikuja bila kutazama mwezi, na kesho yake asubuhi walitakiwa waondoke.

Hesabu yake si ngumu, na wavuvi wa pwani yetu yote wanaishi nayo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo penye bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kati ya kujaa na kupwa kimo cha maji huweza kutofautiana kwa mita tatu na zaidi. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi jioni, ila hayo ni maji mafu, hayaji sana wala hayaendi mbali. Kama mna kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, hiyo inatosha. Tarehe 1 hadi 3, na 14 hadi 17, ni bamvua. Tarehe 7 hadi 9, na 21 hadi 23, ni maji mafu.

Kwa familia yako mimi ningechagua bamvua, ingawa wengi watakushauri maji mafu ili watoto waogelee asubuhi. Sababu yangu ni wanyama. Wanyama ni wa alfajiri. Mkitoka na gari saa kumi na mbili, mkazunguka hifadhini hadi saa tatu jua linapokuwa kali, mnarudi kijijini wakati maji yanakaribia mwisho wa kupwa, na hapo ufuko mzima ni wenu wa kutembea. Mchana mnakula na kupumzika. Saa tisa maji yako njiani yanarudi, na saa kumi watoto wanaoga baharini kwenye maji yaliyojaa huku jua likiwa limepungua ukali. Siku ya maji mafu asubuhi itawabidi mchague, ama wanyama ama bahari, na jioni maji yatakuwa yamejitenga.

Juni mmepata sawa, lakini msiende wiki ya kwanza. Masika huwa Machi hadi Mei, na Saadani ina maeneo makubwa ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka ukikauka na kunata kama ulimbo ukilowa. Nimelala usiku mzima ndani ya gari upande wa Mkange mwezi wa Aprili, gari la juu lenye nguvu magurudumu yote manne, limezama hadi ekseli, na hakuna aliyeweza kutuvuta mpaka jua lilipotoka. Gari lenu la chini lisijaribu mchezo huo. Mwisho wa Juni barabara huwa imekauka, nyasi zimeanza kupungua, na wanyama wanaonekana vizuri kuliko miezi ya mvua. Jueni tu kwamba ni wakati wa kusi, pepo za kutoka kusini: upepo huwa na nguvu, hasa kuanzia mchana, na bahari huwa na mawimbi kuliko wakati wa kaskazi. Mchukulie Mama sweta. Watu wa bara hudhani pwani haina baridi, lakini jioni ya kusi ufukweni mtu mzima atajikunyata.

Sasa tembo wako. Picha uliyoiona inawezekana kabisa ni ya kweli. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini inayokutanisha mbuga ya wanyama na Bahari ya Hindi, na hakuna uzio unaomzuia tembo asishuke mchangani. Lakini katika miaka yangu yote ya kupeleka wageni pale, mara nilizomwona tembo akiwa kwenye mchanga wa bahari mchana kweupe nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Hushuka usiku na alfajiri, huondoka kabla watu hawajaamka. Atakayekuahidi tembo ufukweni anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni nyayo, na nakuomba msizidharau. Asubuhi moja nilizifuata na mtoto wa mgeni wangu, nje kidogo ya kijiji. Duara baada ya duara, kila moja pana kama sinia, zimetoka vichakani moja kwa moja hadi maji yalipofika usiku, zikageuka na kurudi. Mashimo ya chini yalikuwa yamejaa maji ya chumvi, na ndani ya moja alikuwa amejificha kaa mdogo. Yule mtoto alipiga magoti akalitazama lile shimo kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama twiga yeyote safari ile.

Ndani ya hifadhi, penye kilomita za mraba zipatazo 1,100, mtaona wanyama, ila msitegemee makundi ya Serengeti. Twiga, nyati, ngiri, kuro, tohe, kongoni, nyani na tumbili ndio wa kawaida. Simba na tembo wapo, wanahitaji bahati na dereva mwenye subira. Palahala yupo pia, mwenye pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma, na mkimwona mshukuru. Vaeni nguo za rangi ya udongo au kijani iliyofifia, msivae bluu wala nyeusi, kwa sababu rangi hizo mbili huwavuta mbung'o na mbung'o wa Saadani wanauma juu ya shati.

Kitu ambacho ningekipa nusu siku nzima ni boti kwenye mto Wami, kusini mwa kijiji. Kwa Mama itakuwa nafuu kuliko gari, maana hakuna kurushwarushwa: anakaa, mto unampeleka. Viboko wanatoa macho na masikio, mamba wamelala ukingoni midomo wazi, mdiria wanapiga mbizi, furukombe anaita juu ya mti. Mnavyokaribia bahari miti inabadilika, mikoko inaanza, na mizizi yake imesimama nje ya matope kama vidole. Pangeni boti kupitia ofisi ya hifadhi au mnakolala, na uliza saa ya kuondoka kwa kuwa karibu na mdomo wa mto maji ya bahari nayo yana amri yake.

Hapo Wami ndipo pia penye jibu la jambo ambalo hukuliuliza lakini utaliuliza ukifika: mbona bahari ya Saadani si ya bluu kama ya kwenye picha za Zanzibar? Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Si uchafu, dada. Wami unashusha udongo kutoka bara, kutoka huko huko Morogoro na hata Dodoma kwenu, unaumwaga hapo, na mikoko inaukamata. Makamba wadogo hukulia kwenye maji hayo ya mikoko. Maji yangekuwa ya bluu angavu, kijiji kisingekuwa na kamba, na Saadani ni kijiji cha kamba.

Kwa hiyo asubuhi mkirudi kutoka mbugani, msiende chumbani. Nendeni wavuvi wanaposhusha. Mtakuta watu wameinama kwenye mkeka au turubai wanachambua: wakubwa huku, wadogo kule, samaki waliofuatana nao pembeni. Kamba mbichi hana rangi nyekundu ile mliyoizoea sahanini. Ni wa kijivu, mwili unapitisha mwanga hata unaona mstari mweusi wa utumbo mgongoni, na masharubu yake ni marefu kuliko yeye mwenyewe. Salimia kwanza, tazama, kisha uliza bei ya kilo. Nunua hapo hapo, umpe mama ntilie akupikie kwa nazi, mlipe kazi yake. Hiyo ndiyo chakula cha mchana, na fedha yote imebaki kijijini.

Nikifika kwenye kulala kijijini: ndiyo, inawezekana, na nakuunga mkono. Nyumba za wageni za kawaida zipo, chache. Hifadhi nayo ina malazi yake na maeneo ya kupiga kambi karibu na bahari, ambayo kwa Mtanzania hayatishi mfuko kama hoteli. Kama Mama ana shida ya magoti au huamka usiku, mimi ningechukua malazi ya hifadhi kwa ajili yake, choo kiwe ndani, kisha mchana wote mkae kijijini. Popote mtakapolala, chandarua kiwepo na ukikague matundu mwenyewe. Wewe muuguzi, sina la kukufundisha kuhusu malaria.

Usalama. Watu wa Saadani ni wapole na mgeni hana la kuogopa kwao. La kuogopa ni kutembea gizani. Kijiji kimezungukwa na hifadhi, na usiku tembo, nyati, kiboko, hata simba, anaweza kupita mahali ambapo mchana watoto walikuwa wanacheza mpira. Jua likizama, kila mtu ndani ya uzio wa nyumba. Hakuna kutembea ufukweni kutazama nyota, hata kama mwezi ni mpevu na mchanga unang'aa. Mkitaka kwenda mahali, mwombeni mwenyeji awasindikize, yeye anajua walipita wapi jana.

Baharini, watoto waoge mbele ya kijiji, pale wenyeji wanapooga, wala wasisogee midomo ya mito kwa sababu mamba hawajui mpaka wa chumvi. Maji yanapoanza kupwa kwa nguvu, watoke. Mkitembea kwenye tope wakati wa kupwa, vaeni viatu vilivyofungwa vizuri na mburute miguu badala ya kuinyanyua, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani asikie na kuondoka. Akimchoma mtu, mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, kisha zahanati.

Mchana kuna mnyama mmoja mtakayekutana naye bila kulipia dereva: ngiri. Saadani wakazi wengi ni Waislamu, hawali nguruwe wala jamaa zake, na ngiri wamelielewa hilo kwa vizazi. Hupiga magoti ya mbele na kula nyasi katikati ya nyumba, mkia ukitulia, kuku wakipita kando yake. Watoto wasimkimbize. Ana meno na ana watoto wake pia.

Uislamu huo huo uwaongoze katika mavazi na mwendo. Nguo za kuogea ziishie mchangani. Ukiingia mitaani, jifunge khanga, na wanao wavae fulana. Piga hodi na usubiri ukaribishwe. Watoto wawaamkie wakubwa shikamoo, nawe pia, hata kama mtu ni mvuvi aliyelowa tope hadi kiunoni. Msimpige mtu picha bila kumwomba, na akikataa imekwisha. Siku mtakayofika, pita ofisi ya serikali ya kijiji, jitambulishe, saini kitabu cha wageni. Dakika kumi hizo zinafanya mtendaji ajue kuna bibi na watoto wawili kijijini kwake usiku huo. Mwombe pia akuelekeze kwa kijana wa kuwatembeza. Kuna mabaki ya majengo ya Wajerumani na makaburi ya zamani, na mwenyeji ndiye anayejua njia.

Wanao wa shule waambie mapema kuhusu Bwana Heri, kwa sababu hayo magofu bila yeye ni mawe tu. Saadani, ikitazamana na Unguja, ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu, na Bwana Heri ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji. Wajerumani walipokuja kujitwalia pwani, alisimama dhidi yao vitani wakati mmoja na Abushiri wa Pangani. Mwaka 1889 mji ulishambuliwa, yeye akaendelea kupigana akiwa ndani ya bara hadi 1890. Mtoto wa miaka 12 akisimama pale akijua hayo, kijiji kitaacha kuwa nyumba chache za pwani machoni pake.

Na hapa kuna jambo ninalolisema kwa kila mgeni, maana linaniuma. Kijiji kilitangulia hifadhi. Pori la akiba lilianza miaka ya 1960, hifadhi ya taifa ilikuja mwaka 2005, na suala la mpaka, nani anaishia wapi na nani anavua wapi, limeleta mvutano wa muda mrefu. Mgeni akija na kumwambia mkulima "mna bahati, mnaishi na tembo," anamwambia mtu ambaye labda juzi amepoteza mihogo ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Muulize badala yake. Muulize tembo walipita lini, walikula nini, mnawafukuzaje. Watu wa Saadani wanawajua wanyama hawa kwa undani ambao mimi mwenye miaka mingi ya kuongoza wageni sijaufikia.

Njia: Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260, kisha Chalinze, hapo unashika barabara ya Segera hadi Mandera, unakunja kulia kupitia Miono na Mkange. Kutoka Mandera zimebaki kama kilomita 60. Usijaribu kuziendesha jioni. Lala Morogoro au Chalinze, uingie asubuhi. Tangu mwaka 2024 kuna treni ya SGR kutoka Dodoma, na kwa umri wa Mama ningeifikiria sana: shukeni Morogoro, mkodi gari la juu na dereva anayeijua Saadani, gari lenu libaki nyumbani. Kwa vyovyote gari lenu halifai kwa mizunguko ya ndani ya hifadhi.

Chukueni vitambulisho vya taifa ili mtozwe kiwango cha raia, ambacho ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni wa nje. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kontrol namba, si fedha mkononi, hivyo yamalize mkiwa bado mahali penye mtandao mzuri. Kijijini ni kinyume chake: bebeni noti ndogo ndogo, hakuna atakayekuwa na chenji ya elfu kumi asubuhi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na pwani hii ina sababu ya ziada: huko Madete, kaskazini mwa hifadhi, kasa hupanda mchangani kutaga. Mayai hukaa chini ya mchanga kama miezi miwili. Mkisikia kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa, ombeni ofisi ya hifadhi iwapeleke na mtu wao. Msiende peke yenu na tochi, mwanga huwapoteza wale wadogo wakaelekea nchi kavu badala ya bahari.

Siku tatu zako zigawe hivi: ya kwanza kufika, kujitambulisha na bahari ya jioni, ya pili mbugani alfajiri, wavuvi, bahari tena, ya tatu boti ya Wami mapema, ndipo muanze safari. Ukipata siku ya nne, ichukue, usiijaze kitu.

Na ile jioni ya kwanza usimwambie Mama "twende tukaone bahari" maji yakiwa yameshajaa. Mpeleke mapema, yangali mbali. Tandika khanga kwenye mchanga mkavu, mkalishe, mvue viatu. Muulize kijana yeyote wa hapo maji ya leo yatafika wapi. Atatazama bahari, si saa, atakuonyesha kwa kidole mstari wa magugu makavu. Sogeza khanga ya Mama hadi hapo mstarini, msubiri. Maji yatamfuata yenyewe.